Walioipenda Twilight Ndio Walioikosoa Vizuri Zaidi

Julai 2009, kwenye tamasha la Comic-Con kule San Diego, Marekani, wasichana walipiga kambi nje ya ukumbi wakisubiri kuwaona waigizaji wa New Moon, filamu ya pili ya mfululizo wa Twilight. Humo humo tamashani wakatokea watu wenye mabango yaliyodai kwamba Twilight imeliharibu tamasha lao. Comic-Con ni mahali ambapo mtu mzima anavaa mavazi ya shujaa wa katuni tangu asubuhi na kupanga foleni saa nzima ili apate sahihi ya mchoraji, wala hakuna anayemshangaa. Ushabiki wa kupitiliza pale ndio kawaida. Wale wasichana walisimangwa kwa sababu walikuwa wasichana, na kitu walichokipenda kiliandikwa kwa ajili yao.

Nimefuatilia mabishano ya vitabu vya Twilight, vilivyozaa filamu hizo, tangu nikiwa bwenini, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo msimamo wangu unavyokaza: ukosoaji wenye maana ulitoka kwa watu walioipenda Twilight. Wengi wa walioidhihaki hawakuisoma, au walisoma kurasa chache wakaona zinawatosha. Walioipenda waliirudia mpaka wakajua Edward alisema nini, wapi, na alikuwa amevaa nini. Hao ndio walioona panapouma, na walipopaona hawakunyamaza.

Kwa asiyeijua hadithi, iko hivi. Bella Swan, msichana wa miaka 17, anahama kutoka Phoenix, Arizona, mji wa jua kali, anakwenda kuishi na baba yake katika mji mdogo wa Forks, jimbo la Washington, ambako mvua hainyeshi ikaisha. Baba ni mkuu wa polisi wa mji. Shuleni Bella anakutana na Edward Cullen, kijana mwenye sura ya miaka 17 tangu mwaka 1918, alipokuwa anakufa kwa homa ya mafua jijini Chicago na daktari mmoja akamgeuza vampaya. Familia ya Edward haigusi damu ya watu. Inawinda wanyama msituni. Jua likimpiga Edward haungui, ngozi yake inametameta kama almasi. Na yupo Jacob Black, kijana wa Waquileute, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, wa kijiji cha La Push, ambaye baadaye anakuwa mtu wa kugeuka mbwa mwitu. Msichana mmoja, vijana wawili, ulimwengu mzima ukabishana.

Aliyeandika ni Stephenie Meyer, muumini wa kanisa la Mormoni, mama wa watoto watatu wa kiume, aliyekuwa akiishi Arizona. Anasimulia kwamba tarehe 2 Juni 2003 aliota ndoto: msichana na vampaya wameketi kwenye uwanda wa maua katikati ya msitu, vampaya anamweleza jinsi anavyompenda na jinsi anavyotamani damu yake. Alipoamka akaiandika. Ndoto hiyo ndiyo sura ya 13 ya kitabu cha kwanza, na hadithi nzima ikajengwa kuizunguka ndani ya miezi mitatu. Kitabu kilitoka Oktoba 2005. New Moon ikafuata 2006, Eclipse 2007, na Breaking Dawn tarehe 2 Agosti 2008, ambayo Marekani peke yake iliuza nakala milioni 1.3 siku ya kwanza. Kwa jumla vitabu hivi vimeuza zaidi ya nakala milioni 100.

Nakala iliyotufikia sisi shuleni ilikuwa ya mitumba, jalada limebanduka, imefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Gundi ilikuwa imeachia, kwa hiyo kitabu kilisomwa vipande vipande. Mmoja ana kurasa za mwanzo, mwingine kashika za katikati, na wa tatu anazunguka bwenini akiuliza nani kakaa na sura ya maua. Kamusi ya TUKI ilikuwa moja na ilitembea pamoja na kitabu. Wenye Kiingereza kizuri waliwasimulia wasiokuwa nacho, na mara nyingi masimulizi yalikuwa matamu kuliko maandishi, kwa sababu msimuliaji alikatiza kila baada ya aya kumsema Bella.

Baadhi yetu tuliotoka Pwani tulikuwa na kazi ya ziada. Mnyonya damu tuliyemjua sisi ni mumiani, yule wa kusimuliwa na bibi, anayetembea na gari usiku akitafuta watu wa kukamua. Habari za mumiani zilienea Afrika Mashariki nzima enzi za ukoloni, hata mwanahistoria Luise White akaziandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Hakuna bibi aliyewahi kumsifia mumiani uzuri wa macho. Kuna mwenzetu alikirudisha kitabu baada ya siku moja, akasema hawezi kumhurumia kiumbe wa aina hiyo hata kama ananyonya paa tu. Hatukumcheka. Huo nao ulikuwa usomaji, tena wa mtu aliyeichukulia hadithi kwa uzito.

Waliobaki tuligawanyika Timu Edward na Timu Jacob, kama walivyogawanyika wasomaji wa Marekani na kwingineko. Anayekumbuka Timu Diamond na Timu Kiba ataelewa joto lake. Lakini ukisikiliza tulichokuwa tukibishania, utagundua kwamba uzuri wa sura ulimalizwa mapema sana. Maswali yaliyobaki yalikuwa mazito. Je, mtu anayekuacha kwa madai kwamba anakulinda, anakupenda? Rafiki anayekaa na wewe ukiwa umevunjika, halafu anadai umlipe kwa mapenzi, ni rafiki? Bella akitaka kuwa vampaya akiwa na miaka 17, uamuzi huo ni wake au ni wa homa ya mapenzi? Hayo ni maswali ya watu wazima na tuliyauliza tukiwa na sare za shule.

Chukua zile kurasa za New Moon. Edward anaondoka, anamwambia Bella kwamba hamtaki tena. Baada ya hapo Meyer anaweka kurasa ambazo hazina kitu isipokuwa jina la mwezi: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Unafungua, mwezi. Unafungua, mwezi. Wahakiki wengi walizishika kurasa hizo kama ushahidi kwamba Bella ni dhaifu: msichana gani anazimika miezi minne kwa ajili ya mvulana? Kwenye bweni letu alikuwapo binti aliyefiwa na mama yake mwaka uliotangulia. Alisema hizo ndizo kurasa za kweli kuliko zote, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki Machi wala Aprili. Hakuzungumzia mvulana yeyote. Aliona msiba, umewekwa kwenye karatasi kwa namna ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba inaruhusiwa.

Sisemi kwamba kwa hiyo Meyer ni mwandishi mkubwa. Stephen King, mwandishi maarufu wa riwaya za kutisha, aliliambia jarida la USA Weekend mwaka 2009 kwamba Meyer hajui kuandika, na maneno hayo yamerudiwa mpaka yakachakaa. Ambacho hakirudiwi sana ni kwamba katika mazungumzo yaleyale King alikiri kwamba Meyer anakiandikia kizazi kizima cha wasichana, na kwamba anawafungulia njia salama ya kuyakaribia mapenzi. Nakubaliana naye pande zote mbili. Sentensi za Twilight ni nzito kwa sifa. Uso wa Edward unasifiwa kurasa nenda kurasa rudi, na mhariri mwenye mkasi angepunguza nusu. Lakini Meyer anajua kitu kimoja ambacho waandishi wengi wenye sentensi safi hawakijui: anajua kusubirisha. Karibu kitabu chote cha kwanza ni watu wawili wanaozungumza. Darasani wameketi meza moja ya baiolojia na hawagusani. Kwenye gari, mkono uko inchi chache kutoka kwenye mkono. Ukifika kwenye ule uwanda wa maua, kidole kikipita juu ya ngozi kinakuwa tukio kubwa. Ukiwa na miaka 15 hujawahi kuandikiwa hivyo, kwa kwenda pole pole na kwa kukuheshimu.

Wazazi na viongozi wa dini nao waligawanyika, na mgawanyiko wao una mambo ya kushangaza. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliiweka Twilight kwenye orodha ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2009, na tena 2010. Sababu zilizotajwa zilihusu dini, ngono na vurugu. Lakini wapenzi wenyewe wanasubiri mpaka ndoa, na anayeshikilia wasubiri ni Edward. Kabla hadithi haijaanza umewekwa mstari wa Mwanzo 2:17, ule wa mti wa ujuzi wa mema na mabaya, na jalada la kwanza lina mikono miwili iliyoshika tofaa. Kwa hiyo upande mmoja walilalamika kwamba kitabu kinawaharibu wasichana, upande wa pili wakalalamika kwamba ni mahubiri ya kujitunza yaliyovishwa meno. Kila upande ulimzungumzia msichana anayesoma kana kwamba hayupo chumbani.

Mimi nilirudi kwenye vitabu hivi kwa sababu ya binti wa dada yangu. Yuko kidato cha tatu, na likizo ya Desemba alikaa kwangu Morogoro. Akavikuta kwenye kabati, akaanza, na siku alipofika kwenye Eclipse alinifuata jikoni kitabu kikiwa wazi mkononi. Alikuwa kwenye ile sehemu ambayo Bella anataka kwenda La Push kumwona Jacob. Edward hataki, anaona ni hatari. Bella anaingia kwenye pikapu yake, anawasha, haiwaki. Anageuka, Edward yuko kiti cha abiria, kashika kifaa alichokichomoa kwenye injini.

"Mamdogo, huyu si kamwibia?"

"Kakichomoa tu. Atakirudisha asubuhi."

"Gari ya nani?"

"Ya Bella."

"Basi kaiba."

Akakaa kwenye kigoda akaendelea kunisomea. Edward anamwambia Bella kwamba asipotaka aje usiku, afunge dirisha tu. Bella anakwenda chumbani kwa hasira, analibamiza dirisha. Kisha analitazama, anahema, analifungua tena. "Angelala nalo limefungwa hata siku moja," akasema binti yetu. Halafu, bila mimi kumuuliza, akaniambia habari ya dada mmoja wa jirani yao ambaye mchumba wake anamshikia simu kila jioni na kupitia meseji zake, na watu wote mtaani wanasema jamaa anampenda kweli. "Naye huwa anafungua dirisha," akasema.

Hapo ndipo panaponifanya niwe mkali ninaposikia watu wakisema vitabu hivi viwekwe mbali na wasichana visije vikawafundisha kukubali kudhibitiwa. Udhibiti huo wanauona nyumbani, mtaani na kwenye tamthilia za jioni kabla hawajamjua Edward. Binti aliupata kitabuni ukiwa umetulia kwenye karatasi, akaweza kuushika, kuugeuza, kuusema kwa sauti, kisha kuuhamishia kwa mtu halisi anayemjua. Mashabiki wa Marekani walifanya hivyo hivyo miaka ile. Waliorodhesha matendo ya Edward moja moja: kuingia chumbani kwa msichana usiku na kumtazama akilala kabla ya kualikwa, kumfuata mji wa Port Angeles, kumpangia nani wa kumtembelea. Waliyalinganisha na dalili ambazo mashirika ya kupinga ukatili wa kimapenzi huwafundisha watu wazitambue. Orodha hizo ziliandikwa na watu walioijua hadithi nje ndani. Mtu asiyeisoma hajui habari za dirisha.

Na hawakumwacha Jacob. Katika Eclipse hiyo hiyo anambusu Bella kwa nguvu, Bella anampiga ngumi mpaka mkono wake mwenyewe unavunjika, na baba, mkuu wa polisi, akielezwa kilichotokea anampongeza Jacob. Nimeisoma sehemu hiyo zaidi ya mara moja na kila mara inanichoma. Imeandikwa kama kichekesho cha nyumbani. Baba ni mtu wa sheria, binti yake amerudi nyumbani na mkono ulioumia, na hakuna mtu ndani ya kitabu anayetaja kwamba kuna kosa limetendeka. Timu Jacob wengi waliihama timu kwa ukurasa huo mmoja.

Meyer alijibu kwa njia zake. Kuhusu ufeministi, alisema msingi wake ni mwanamke kuwa na haki ya kuchagua, na Bella alichagua. Mwaka 2015, kitabu cha kwanza kilipotimiza miaka kumi, akatoa Life and Death, hadithi ile ile ikiwa imepinduliwa jinsia: Bella akawa mvulana Beau, Edward akawa msichana Edythe. Alitaka kuonyesha kwamba Bella aliokolewa mara kwa mara kwa sababu ni binadamu aliyezungukwa na viumbe wenye nguvu kumzidi, na kwamba mvulana angekuwa mahali pale angeokolewa vivyo hivyo. Jaribio zuri, na nalisifu kwa uthubutu wake. Ila sidhani kama linamjibu binti wa kwenye kigoda. Yeye hakulalamika kwamba Bella anaokolewa. Alitaka kujua nani anayeamua gari iwake au isiwake, na swali hilo halibadiliki ukiwabadilisha jinsia.

Midnight Sun, hadithi ile ile kwa sauti ya Edward, ilivuja mtandaoni mwaka 2008 ikiwa haijakamilika. Meyer akaiacha, ikatoka rasmi Agosti 2020. Kwangu hiki ndicho kitabu chenye uaminifu zaidi katika vyote, kwa sababu kinamwacha Edward aonekane. Sura ya kwanza kabisa amekaa kwenye darasa la baiolojia akipiga hesabu namna ya kuwaua wanafunzi wote humo ndani ili ampate Bella. Baadaye anakwenda na mafuta ya kulainisha dirisha la Bella lisipige kelele anapolifungua usiku. Mwandishi aliyasikia maneno ya wasomaji wake kwa miaka 12, na alipopata nafasi hakuyafunika. Wapo waliosoma hapo wakamwogopa Edward kwa mara ya kwanza, na wapo waliompenda zaidi kwa sababu anajichukia kwa anayoyafanya. Mimi niko na kundi la kwanza.

Lakini ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuja na Breaking Dawn. Usiku wa kutoka kwake maduka ya vitabu Marekani yalifanya sherehe mpaka saa sita, wasichana wakiwa na magauni na fulana za timu zao. Siku chache baadaye baadhi ya mashabiki hao hao wakawa wanahamasishana warudishe kitabu dukani kuonyesha kwamba wamekasirika. Harusi ilifanyika, sawa. Kisha Bella anabeba mimba inayomvunja mbavu kutoka ndani, anakataa kuitoa, anajifungua katika tukio la damu ambalo Edward anatumia meno. Mtoto anaitwa Renesmee. Na Jacob, aliyempenda Bella vitabu vitatu, anamwangalia mtoto mchanga aliyezaliwa saa hiyo na papo hapo anafungwa naye kwa kifungo cha maisha, kile ambacho watu wa mbwa mwitu hawana uwezo wa kukikataa, na ambacho kila mtu anajua kitaishia kwenye mapenzi atakapokua.

Kitabu kinaeleza kwamba mpaka wakati huo atakuwa kwake kaka na mlinzi. Maelezo hayo hayakutosha kwa wasomaji na hayanitoshi mimi. Mtoto anapangiwa mume siku ya kuzaliwa, na mume huyo ndiye atakayemlea. Katika jamii ambazo bado tunapambana na mabinti kuozwa kabla hawajamaliza shule, sipati nguvu ya kuliita jambo hilo fantasia na kulipita. Nilimwachia binti wa dada asome bila kumwonya, akakifunga kitabu siku nzima, akakirudia kesho yake kwa sababu alitaka kujua kama kuna mtu yeyote humo ndani atakayekataa. Bella anakataa, anamrukia Jacob kwa hasira. Kisha anazoea.

Wengine walikasirikia mwisho wake: jeshi la mavampaya wa Volterra, Italia, linakuja, kila mtu anajiandaa kwa vita, halafu watu wanazungumza na kila mmoja anarudi kwao. Waliotengeneza filamu ya mwisho, 2012, waliliona hilo, wakaweka pigano kubwa ndani ya maono ya Alice, dada wa Edward anayeona mambo yajayo, ili watazamaji wapate walichokifuata. Mimi mwisho wa mazungumzo niliupenda. Lakini naelewa hasira ya mtu aliyesubiri miaka mitatu.

Wapo wasomaji waliojibu kwa kalamu. Waliiandika upya hadithi mtandaoni, maelfu kwa maelfu ya matoleo: Bella anamchagua Jacob, Bella anawaacha wote wawili, Bella anakwenda chuo. Moja kati ya hizo, ya Edward na Bella bila uvampaya, ilibadilishwa majina ikawa Fifty Shades of Grey ya E. L. James, na ulimwengu mzima ukajua. Zilizobaki hazikupata pesa, ila nyingi zilikuwa uhakiki halisi: mtu anaona kosa, anakaa chini, anaonyesha lingerekebishwa vipi.

Mwaka 2018 Lindsay Ellis, mhakiki wa filamu wa Marekani, alitoa video ya kumwomba radhi Meyer kwa dhihaka alizomrushia zamani. Wengine wengi wakafuata mkondo. Nilifurahi, lakini furaha ilikuwa na kasoro, maana katika wimbi hilo la kuisamehe Twilight ilionekana kama kila lawama ilikuwa chuki kwa wasichana. Ipo lawama moja ambayo haina uhusiano wowote na chuki hiyo, na waliobeba mzigo wake si Meyer wala mashabiki.

Waquileute ni watu halisi. La Push ni kijiji halisi, mdomoni mwa mto, mbele yake Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1889 Rais Cleveland wa Marekani aliwatengea eneo la takriban maili moja ya mraba. Mwaka huo huo, wanakijiji wakiwa wamekwenda vibarua vya kuvuna mashambani, mlowezi mmoja aliyekuwa akidai ardhi ile alichoma nyumba zao zote 26. Masimulizi yao ya asili yanasema kwamba K'wati, mgeuzaji wa vitu, aliwafanya Waquileute watu kutoka kwa mbwa mwitu. Hayo ni masimulizi ya chimbuko lao, ya kuambiana wao kwa wao, na hayana vijana wanaopasua nguo kwa hasira na kubadilika vitani na vampaya. Meyer alilichukua jina la watu hawa lilivyo, pamoja na kijiji chao, akawatungia mengine. Hakuwauliza. Filamu tano zikaingiza zaidi ya dola bilioni 3, Jacob akaigizwa na Taylor Lautner ambaye si Mquileute, fulana na mikufu yenye nembo ya mbwa mwitu ikauzwa kila mahali, na wenye jina hawakuwa na sehemu katika mapato.

Walichofanya Waquileute kinastahili kujulikana kuliko timu zote mbili. Waliwapokea wasichana waliofurika La Push kumtafuta Jacob. Walishirikiana na Jumba la Makumbusho la Sanaa la Seattle kuandaa maonyesho ya mbwa mwitu wao wa kweli, na jumba la makumbusho la Burke, jijini humo humo, likaandaa maelezo yanayopanga kweli ya Waquileute upande mmoja na Twilight upande wa pili. Na walisema kwa sauti jambo ambalo lilikuwa likiwakosesha usingizi kabla ya Twilight: shule ya watoto wao ilikuwa ufukweni, mahali ambapo tsunami ikija hakuna muda wa kukimbia. Mwaka 2012 Rais Obama alitia saini sheria iliyowarudishia takriban ekari 785 za ardhi ya mwinuko kutoka hifadhi ya taifa ya Olympic. Leo shule yao iko juu kilimani.

Wasichana waliokwenda La Push kumtafuta Jacob wakarudi na habari za shule ile ndio walioniambia mimi, kwa maandishi yao marefu mtandaoni, nikiwa chuo. Sikulijua hilo kutoka kwa mhakiki yeyote aliyecheka ngozi inayometameta.

Nakala zangu sasa nawaazimisha wasichana wa mtaani. Mwanzoni mwa New Moon, kwa sababu humo ndimo Jacob anapoanza kugeuka, nimebandika karatasi yenye habari za 1889 na 2012 na jina la La Push kama linavyoandikwa kwenye ramani. Swali linalorudi mara nyingi ni kama kuna mahali Waquileute wanasimulia wenyewe habari za mbwa mwitu wao. Ninawaelekeza kwenye kurasa za Burke, na mwenye bando anazifungua usiku huo huo.